Tenti ya watu wawili: Rubavu hadi Rusizi kwa miguu, halafu Mlima Kenya. Nichukue ipi?

Nyayo_za_Nakuru

Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie maana nimezunguka na hili jambo wiki tatu sasa na kila nikisoma nachanganyikiwa zaidi. Mimi na mdogo wangu wa kiume tumepanga mwezi wa sita kutembea ile njia ya kando ya Ziwa Kivu kule Rwanda, kutoka Rubavu mpaka Rusizi, km 227, tumeipa siku 11. Tukirudi tunapumzika nyumbani halafu mwezi wa saba mwishoni tunapanda Mlima Kenya, tunaingilia lango la Sirimon na kutokea la Chogoria, huko tutakuwa na mwongozaji lakini wapagazi hatuchukui, kila kitu mgongoni mwetu. Nataka tenti moja itakayofaa pote, sina pesa ya kununua mbili.

Nilizonazo akilini ni hizi. Kuna tenti ya kuba tuliyoachiwa na mjomba, nzima kabisa, ila nimeipima dukani kwa mizani ya sukari ikatoa kilo 4.2. Kuna Naturehike Cloud Up 2, zinauzwa huku mtandaoni, inasimama yenyewe kwa fito zake na uzito wake ni kama kilo moja na nusu hadi mbili kutegemea toleo. Na kuna binamu yangu anarudi kutoka Marekani mwezi wa tano, anasema anaweza kunibebea Durston X-Mid 2, hiyo haina fito zake, unaisimamisha kwa fimbo za kutembelea, kilo moja na kidogo tu lakini bei inapita bajeti yangu, mimi nina shilingi 30,000 za Kenya nikijikaza sana 38,000. Wengine wananiambia niende soko la Gikomba nichague mtumba.

Naogopa kukosea kwa sababu mwaka juzi nilinunua tenti kwenye duka moja mjini, muuzaji akanihakikishia maji hayapiti, tukaenda nayo Aberdare na saa nane usiku maji yalikuwa yanaingia kwenye mishono kama bomba limepasuka, fito moja ya faiba ikachanika katikati ikatoboa kitambaa, tukakaa tumechuchumaa mpaka asubuhi na mdogo wangu akaugua kifua wiki nzima. Sitaki kumpitisha tena kwenye hilo. Na huyu bwana ana urefu wa sm 188, sijui kama hiyo inabadilisha chochote.

Mgumu_Mstaafu

Dada Nyayo pole sana kwa ya Aberdare. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 14, njia za Machame na Lemosho hasa, na kazi ya mgumu, yaani mpagazi, nusu yake ni tenti, unafika kambini kabla ya mgeni unasimamisha, asubuhi mgeni akiondoka unakunja unamkimbilia mbele, kwahiyo nimesimamisha tenti za kila aina na nimeziona zikifa.

Cha kwanza fito. Faiba iache kabisa, ikipata baridi na upepo inapasuka kwa urefu kama muwa, na huwezi kuitengeneza mlimani. Chukua aluminiamu na ubebe kile kibomba kifupi cha kuvalisha mahali palipovunjika, kina gramu chache mno na kinaokoa safari. Cha pili ni ardhi, na hapa ndo watu wengi hawafikirii, wanaangalia mvua tu. Pale kambi ya Barafu, mita 4,673, chini ni vipande vya mawe vitupu, pegi haiingii hata uigonge vipi, na upepo unaanza mkishalala. Tenti inayosimama yenyewe inabaki imesimama hata kama pegi mbili zimeng'oka, wewe unatoka unaongeza mawe unarudi kulala. Ile ya kutegemea fimbo na kamba, kona moja tu ikiachia inakuangukia usoni. Kwa hiyo kati ya hizo mimi naona Cloud Up, au kama mna nguvu hiyo ya mjomba, ambayo nyinyi ni wawili mnagawana, mmoja fito na chumba cha ndani mwingine kitambaa cha nje, ni kilo mbili na ushee kila mtu, haiui mtu.

Mbongo_Virginia

Salamu kutoka huku mbali. Mgumu namheshimu na kuhusu fito amesema kweli tupu, ila kwenye hiyo ya fimbo za kutembelea naomba nipingane naye kwa adabu.

Mimi msimu uliopita nilitembea kipande cha Appalachian Trail, ile njia ya km kama 3,500 kutoka Georgia mpaka Maine, sikumaliza wala sikupanga kumaliza, nilikaa njiani wiki tano. Nilianza na tenti ya kuba ya kilo tatu peke yangu na baada ya siku sita nikairudisha nyumbani kwa posta nikanunua ya fimbo. Uzito ukiubeba saa moja hauusikii, ukiubeba siku 11 ya kupanda na kushuka unausikia kwenye magoti, na hiyo njia ya Kivu nimeona ramani yake, ni kupanda na kushuka mwanzo mwisho. Nyayo kama nyinyi tayari mtatembea na fimbo basi mnabeba fito za tenti bila kujua, kwanini mbebe nyingine?

Kitu cha pili ambacho mimi ndo nakithamini kuliko uzito. X-Mid kitambaa cha nje kinasimama kwanza, halafu chumba cha ndani unakining'iniza chini yake ukiwa umeshajikinga. Tenti nyingi za kuba unasimamisha neti kwanza halafu ndo unafunika, na kama mvua inanyesha kwa hizo dakika tatu sakafu imeshakuwa karai. Asubuhi pia hivohivo, unapaki kila kitu ukiwa mkavu, kitambaa cha nje kinabaki mwisho kinaingia mfuko wake wa pembeni na maji yake.

Tatu ni kitambaa. Tenti nyingi nyepesi ni nailoni, na nailoni ikilowa inavutika, umeikaza saa moja jioni ikiwa kama ngoma, saa sita usiku imelegea inakugusa kichwa na inabidi utoke kukaza kamba. Hiyo X-Mid ni poliesta iliyopakwa silikoni, haivutiki hivo. Sikwambii ununue zile za kitambaa chepesi cha Dyneema kama Zpacks Duplex, ni chini ya gramu 600 kweli lkn bei ni zaidi ya dola 600 na ukuta wake ni mmoja, kwa watu wawili kwenye baridi ya Mlima Kenya mtaamka mmelowana kwa pumzi zenu wenyewe.

Na kuhusu mawe, kwani mawe yanafunga tenti ya kuba peke yake? Unafunga kamba ndefu kwenye jiwe, basi.

Nyayo_za_Nakuru

Asanteni sana wote wawili, ila sasa mmeniacha katikati haha. Naomba niulize vitu viwili. Hiyo ya kulowana kwa pumzi, mnaizuiaje? Maana Aberdare hata kabla mishono haijaachia ukuta wa ndani ulikuwa unatiririka na mimi nilidhani ni mvua inapita. Na pili kuna yeyote aliyetembea hiyo njia ya Kivu kweli, sio kwa ramani? Samahani Mbongo sina nia mbaya.

Mwana_Kivu

Jambo dada. Mimi ni wa Goma, Rubavu ni ng'ambo tu ya mpaka, ile njia nimeifanya mara mbili, moja kwa miguu yote na moja kwa kinga, yaani baiskeli, mpaka Karongi.

Nikuambie ukweli, mwezi wa sita mvua imeisha karibu yote, kiangazi kule ni kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Kwa hiyo Kivu mvua haitakusumbua sana, itakusumbua vumbi na umande. Vumbi la barabara ya udongo linaingia kwenye zipu, zipu inaanza kupita bila kufunga, na tenti yenye zipu mbovu kando ya ziwa ni mbu usiku kucha. Beba mswaki mzee wa kusugua zipu kila jioni, mimi hiyo ndiyo iliniokoa. Umande nao ni mwingi kabisa ukilala chini karibu na maji. Panda juu kidogo, hata mita hamsini juu ya ziwa tofauti unaiona asubuhi.

Kitu kinacholeta taabu zaidi kule ni mahali pa kusimamisha. Kila kilima kimelimwa kuanzia chini mpaka juu, matuta kwa matuta, kipande cha tambarare kisicho na mihogo ao maharagwe ni kidogo sana. Huwezi tu kusimama mahali ukalala, unaomba, kwa mwenye shamba, kwa paroko, kwa mwalimu wa shule, na watu ni wazuri watakupa nafasi, lakini nafasi yenyewe ni ndogo kama mlango wa nyumba. Tenti yangu ya kwanza ilikuwa na kamba zinaenda mbali pande zote, kwenye tuta haiingii. Kwa hiyo pima upana mpaka mwisho wa kamba, usipime sakafu tu. Usilale chini ya mikaratusi, iko mingi kule na matawi yake yanaanguka bila hata upepo. Na watoto watakuja kuangalia, kumi, ishirini, wamekaa kimya wanaangalia tenti, wasalimie tu.

Tena kwa njia hiyo utapata nyumba za wageni karibu kila siku, zingine za kanisa, za bei ndogo. Usiku nne ao tano mnaweza kulala kitandani mkaushe vitu. Na mifuko ya plastiki ile laini ya kuwekea nguo ndani ya begi uiache Kenya, Rwanda imekatazwa tangu 2008 na mpakani wanakunyang'anya. Tafuta mfuko mzito usiopitisha maji wa kukunja mdomo.

Mgumu_Mstaafu

Mwana Kivu ubarikiwe, hayo ya matuta sikuyajua.

Dada umeuliza ya kulowana. Watu wawili wakilala wanatoa maji mengi kwa pumzi usiku mmoja, yakikutana na kitambaa baridi yanageuka matone. Mgeni anaamka anasema tenti inavuja, wewe ukigusa nje unakuta pakavu. Dawa yake ni hewa ipite, hata kama baridi inakuuma. Fungua madirisha ya juu yote, acha mlango wa nje wazi robo upande usio na upepo, usiingize nguo zilizolowa ndani, usichemshe chai ndani, hiyo ya kuchemsha ndani ni hatari hata kwa moto na moshi wake achilia mbali maji. Ndo maana kuta mbili ni bora, matone yanabaki kwenye kitambaa cha nje wewe uko nyuma ya neti. Kambi ya Shipton's ya Mlima Kenya, pale mita 4,200, mwezi wa saba mtakuta hayo matone yameganda barafu upande wa ndani, ukitikisa yanakuangukia kama chumvi, yakung'ute nje kabla jua halijatoka na hayatalowesha kitu.

Ila nataka ujue kitu kimoja, sm 188 ndo swali kubwa kuliko yote uliyouliza na umeliweka mwisho. Mtu mrefu kwenye tenti fupi anagusa ukuta kwa kichwa na kwa miguu, akigusa tu matone yote yanahamia kwenye begi lake la kulalia. Kwahiyo kabla hujalipa mlaze ndani, na godoro lake la safari chini yake maana godoro linampandisha juu ukuta unapokuja karibu.

Fundi_wa_Mishono

Naona mmemsahau fundi. Mimi niko Nairobi, nashona mabegi na kurekebisha tenti, nyingi zinatoka Gikomba na Toi, na mjue mtumba mzuri upo ila lazima ujue kuukagua.

Ukiikuta tenti usiangalie rangi, iingize pua ndani kwanza. Ikinuka kama matapishi ama soksi na ndani pananata vidoleni, ule mpako wa ndani umeshaoza, hiyo ilihifadhiwa ikiwa na unyevu na hakuna fundi atakayeirudisha hata kama bei ni 1,500. Halafu shika kitambaa cha juu mgongoni mwa tenti kwa vidole gumba viwili uvute kwa nguvu kidogo, kikichanika ama kikitoa mlio wa karatasi kimeliwa na jua. Nailoni na jua la kwetu hawapatani, huku tuko ikweta na ukipanda juu jua linazidi, tenti iliyosimama bustanini miezi mitatu imekwisha ingawa inaonekana mpya. Zipu ikipita bila kufunga mara nyingi meno ni mazima ila kichwa kimelegea, kikibanwa kidogo na koleo kinashika, lakini usitegemee sana. Hesabu fito. Na mwambie muuzaji uisimamishe palepale kabla ya kulipa, akikataa ondoka.

Mishono sasa, dada, hiyo ndo ilikumaliza Aberdare. Kitambaa chenye mpako wa kawaida hufunikwa mshono kwa utepe kiwandani, na utepe ukibanduka maji yanapita kwenye matundu ya sindano. Kitambaa cha silikoni utepe haushiki, kinatakiwa kupakwa silikoni yenyewe na brashi, ile safi ya mafundi ya madirisha isiyo na rangi, ukiilainisha na tapentaini ya rangi mpaka iwe kama uji mwepesi, unapaka nje kwenye mshono unaacha usiku kucha. Kazi ya mchana mmoja. Zingine huja zimeshafungwa kiwandani, uliza kabla. Na hizo namba za kuzuia maji wanazoandika, 1,500 mm, 3,000 mm, usibabaike nazo, 1,500 ikikazwa vizuri inatosha kwa kitambaa cha juu, ila sakafu ndo inataka zaidi maana goti lako likikandamiza udongo uliolowa maji yanasukumwa juu.

Nyayo_za_Nakuru

Narudi na matokeo, ni tarehe 19 mwezi wa nne leo na huku Nakuru mvua haijapumzika tangu Pasaka.

Nilifanya alivyosema Mgumu. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa na Cloud Up 2, nikamwomba, tukaisimamisha uani na tukalala humo usiku mbili mimi na mdogo wangu, na magodoro yetu na mabegi yetu ya kulalia yaleyale ya safari. Usiku wa kwanza mvua kubwa kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Maji hayakupita hata tone, niliamka mara tatu nikipapasa sakafu kwa mkono nikakuta pakavu, kwa kweli nilitaka kulia kwa furaha maana ya Aberdare bado ninayo mwilini. Tatizo lilikuwa moja tu lakini ni lile mlilosema. Mdogo wangu miguu yake inagusa ukuta wa chini na kichwa kinagusa wa juu, hana pa kukimbilia, asubuhi begi lake la kulalia upande wa miguu limelowa kiasi cha kukamuliwa. Usiku wa pili alilala amejikunja, hakuwa na maji ila hakulala. Na mlango ni mmoja kichwani, kila akitoka kukojoa ananiruka.

Kwa mtu mfupi kama mimi peke yangu ningeichukua siku hiyohiyo. Kwetu wawili haiwezekani. Nimemwambia binamu alete X-Mid, ina milango miwili na kuta za mwisho haziji usoni. Pesa nimekopa kidogo kwa mama, ananidai mpaka Desemba. Nimepima kwa kamba eneo lake lote uani, Mwana Kivu usijali, ni kubwa kuliko Cloud Up lakini nimeona tukipata tuta la mita mbili na nusu kwa tatu tunatosha na pasipotosha tutaomba nyumba ya wageni. Tenti ya mjomba inabaki kwa ajili ya kambi za gari.

Mgumu najua uliniambia tofauti na nimekusikiliza kwa moyo wote, hofu yangu iliyobaki ni hiyo tu ya mawe na upepo. Nifanyeje kamba isiachie?

Mgumu_Mstaafu

Dada hapo umefanya kazi ambayo wageni wengi hawaifanyi, usiku mbili mvuani ni zaidi ya maneno yangu yote. Kama kijana hatoshi hatoshi, chukua hiyo.

Kamba na jiwe ni hivi, ujifunze hapohapo uani kwenye kokoto. Kila kona ongeza kamba kama mita moja iwe na kitanzi mwishoni. Usifunge jiwe kubwa lenyewe, kamba itasagika kwenye makali usiku kucha na saa tisa inakatika. Chukua kijiwe kidogo chembamba kama kidole ama kijiti, kipitishe ndani ya kitanzi kilale chini, vuta kamba ikaze, halafu jiwe kubwa lilaze juu ya kamba mbele ya kile kidogo upande wa tenti. Tenti ikivuta, kidogo kinaenda kugonga kubwa kinakwama, na kadri upepo unavyovuta ndo kinavyozidi kukwama. Kona nne za chini kwanza, halafu zile mbili za kichwani kwa fimbo usiziache hata siku isiyo na upepo. Mkia wa tenti uelekeze unakotoka upepo, sio ubavu. Kule Sirimon mpaka Shipton's mtakuta udongo na majani pegi itaingia, ila zile nyembamba kama msumari zitapinda, nunua nane zenye umbo la Y.

Na fimbo mkifika kambini zikishaingia kwenye tenti msizitoe tena kwenda nazo kilele cha Lenana usiku mkaiacha imelala chini bila mtu wa kuisimamisha, labda kama kila kitu mmekiweka ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mngepata fimbo ya tatu ingewafaa kwa hiyo siku, moja kileleni mnapokezana na mbili zinabaki.

Chakula usilale nacho chini ya ukuta. Pimbi wa Shipton's hawana woga na panya wa pale wanatoboa neti kwa dakika, kiweke ndani ya sufuria yenye mfuniko unaobana, jiwe juu yake, katikati yenu.

Mwana_Kivu

Mita mbili na nusu kwa tatu utapata, hasa kwenye viwanja vya shule. Fika kabla ya saa kumi na moja jioni, mwalimu akiwa bado hajaenda nyumbani.